Mume wangu ananiita Afande, na Jumamosi anakwenda kununua bastola

Kwako Shangazi,

Nakusalimu kwa heshima. Ni saa 10 alfajiri hapa Texas, mume wangu yuko zamu ya usiku kule ghalani, mtoto amelala, na mimi nimekaa jikoni tangu saa 6 na chai imepoa mara mbili. Si kwamba sina watu wa kuongea nao. Ninao. Lakini wewe unatujua sisi wa huku, ukimwambia mmoja siku ya Jumatatu, Jumapili kanisani unasalimiwa kwa macho ya huruma.

Ananiita Afande. Miaka saba ya ndoa ameniita majina mengi, mengine siwezi kuyaandika kwa haya, lakini hakuwahi kuniita hivyo. Sasa ni, “Chumvi iko wapi, Afande?” “Nimechelewa, Afande, naomba msamaha.” Mtoto wetu wa miaka mitano ameanza kuiga. Juzi namvalisha viatu akaniambia, “Ndiyo, Afande,” na baba yake akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu Pasaka, na alikuwa ananicheka mimi.

Nikueleze ilivyoanza, usije ukadhani nimejitakia. Nilikuwa tabibu wa kikosi katika jeshi la huku kwa miaka minane. Bastola nimeishika kwa sababu ya kazi, si kwa kupenda. Nilianza na ile Beretta M9, nzito kama tofali, mpaka jeshi lilipohamia SIG. Nilipotoka jeshini nikajinunulia yangu moja, nikawa nakwenda uwanja wa shabaha mara moja moja. Wengine wanashona, mimi napiga matundu kwenye karatasi, nikirudi nyumbani kichwa kimetulia.

Mume wangu amefika miaka miwili iliyopita. Yeye hakutaka kuja, nisiseme uongo. Alikuwa na shule yake Mwatate, Kenya, alikuwa anafundisha hisabati, na kule hakuna aliyemwita kwa jina. Kuanzia sokoni mpaka stejini ni Mwalimu, Mwalimu. Hata mimi nilimwita Mwalimu tangu tunachumbiana. Alipotua hapa nikaanza kumwita jina lake la kwanza, lile la kwenye grinkadi, kile kibali cha kuishi Marekani, ili watu wa benki na wa hospitali wasichanganyikiwe. Vyeti vyake viko kwenye bahasha. Anapakia maboksi usiku.

Basi ni yeye aliyeniomba twende wote kulenga shabaha. Nilifurahi mno. Jumamosi za kwanza zilikuwa tamu, Shangazi. Tunamwacha mtoto kwa binamu yangu, tunakodisha bastola palepale uwanjani, tunavaa viziba masikio na miwani, tukitoka tunanunua kuku wa kukaanga tunakula ndani ya gari. Akikunja karatasi yake yenye matundu anaiweka kwenye dashibodi kama mwanafunzi aliyefaulu.

Shida ni kwamba matundu yake yote yalikuwa yakienda chini kushoto. Mtu wa mkono wa kulia akipiga hivyo, mara nyingi si macho. Anaungoja mlio, na mkono unajikaza kabla ya risasi kutoka. Dawa yake inajulikana. Kuna risasi bandia za plastiki, hazina baruti. Unazichanganya mbili tatu na zile za kweli kwenye magazini, kile kikasha cha risasi cha bastola. Akivuta kifyatulio ikawa ni bandia, anasikia tik, na kama mkono ulikuwa ukingoja kishindo, mtutu unainama wenyewe kama kichwa cha mtu anayesinzia kwenye matatu. Anajiona mwenyewe, humwambii kitu. Ndivyo walivyonifundisha mimi, na sikuona aibu.

Lakini kawaida unamwambia mtu kwamba zimo. Humwambii ziko wapi, ila unamwambia zimo. Mimi sikumwambia kabisa.

Ile ya tatu ikasema tik. Mtutu ukainama, karibu uguse meza. Na yeye, kwa kuwa nilimfundisha kwamba risasi iliyogoma yaweza kulipuka kwa kuchelewa, akaunyanyua tena akauelekeza mbele, akasimama hivyohivyo, akaanza kuhesabu mpaka 30. Kwa sauti. Kwa Kiswahili. Vijana wawili wa upande wa pili walikuwa wameona, wakaanza kucheka, nami nimesimama nyuma yake najua kabisa hakuna cha kulipuka. Ningeweza kumwambia alipofika tano. Alifika 30. Akatoa magazini, akaikoki bastola, ile bandia ikadondoka sakafuni, rangi ya chungwa, akaitazama. Akaiweka bastola mezani, chemba wazi, kama nilivyomfundisha. Akageuka akasema, “Sawa, Afande.”

Nimeomba msamaha. Nimeomba mara tatu. Anasema hakuna neno.

Sasa hataki tena kukodisha. Anataka bastola yake mwenyewe, na hapo ndipo tunapogombana, maana Jumamosi iliyopita tulikwenda dukani akaenda moja kwa moja kwenye kibastola kinachoitwa Ruger LCP. Shangazi, hiyo si ya kujifunzia. Haifiki gramu 300 ikiwa tupu. Mtu anasikia risasi ya .380 ni fupi kuliko ya milimita 9 anadhani itakuwa pole, kumbe teke la risasi linataka uzito wa kulimeza, na kibastola kile hakina uzito, kwa hiyo linamezwa na mkono wako. Mpini ni mfupi, kidole cha mwisho kinaning'inia bila pa kushika. Alama za kulengea ni kama punje za mtama. Ukimaliza boksi moja la risasi 50, hapa katikati ya gumba na kidole cha shahada panawaka moto. Mtu ambaye tayari mkono wake unashtuka, ukimpa hiyo umemfundisha kushtuka zaidi.

Nilimwambia kwa upole, naapa. Nikamwambia aanze na ya .22, risasi zake ni ndogo na za bei nafuu na haina kishindo cha kumshtua mtu. Kisha achukue ya milimita 9 ya saizi ya kati, kama Glock 19, inabeba risasi 15 na ina karibu gramu 600, inatulia mkononi. Au ile Smith & Wesson Shield EZ, imetengenezwa makusudi iwe nyepesi kukoki, na nikasema, hata mama mzee mwenye baridi yabisi anaikoki.

Najua. Lilinitoka mdomoni, na muuzaji alikuwa amesimama palepale.

“Nimekusikia, Afande,” akasema. Halafu akaomba aione tena ile ndogo, akasema hii ni nzuri, hata mfukoni haionekani. Nikamuuliza, ya kulenga shabaha inafichwa ya nini? Hakunijibu. Hatukununua siku ile. Lakini tangu hapo anasema Jumamosi hii atakwenda peke yake, grinkadi anayo, fomu atajaza, wakimkagua hana kosa lolote, na pesa ni zake. Yote ni kweli. Nimewaza niwahi nimnunulie mimi ile ninayoitaka, maana zawadi ya kweli kwa mume wako sheria inaikubali, lakini nikimletea atasema ni amri nyingine.

Na kuna habari ya sefu. Bastola yangu inakaa kwenye sefu ndani ya kabati la nguo, na namba ninayo mimi peke yangu. Ananiomba namba. Nimemwambia ni kwa sababu ya mtoto, sheria ya Texas inakushtaki mtoto akiifikia bunduki yenye risasi uliyoiacha bila kuifungia. Akaniuliza, “Mimi ni mtoto?”

Sikuwa na jibu. Jibu ninalo, lakini si la kusemwa kitandani.

Baba yake alifariki Januari. Kazi ya ghalani alikuwa ndiyo ameianza, likizo hana, na nauli tulikuwa hatuna. Mazishi aliyatazama kwenye simu ndani ya gari, kwenye maegesho ya kazini, saa 8 usiku ya huku ambayo ni saa 5 asubuhi ya nyumbani. Mapumziko yake ni dakika 30. Dakika zikaisha kabla ya udongo. Akaingia ndani kupakia maboksi. Mimi nilikuwa nimelala, Shangazi, nilikuwa na zamu ya asubuhi hospitalini na aliniambia nilale.

Tangu wakati huo halali. Anatoka kazini saa 12 asubuhi, anakaa kwenye kiti, namkuta saa 6 mchana bado amevaa viatu. Wiki mbili zilizopita alimpa kijana mmoja wa kanisani saa yake ya mkononi, ile waliyompa wanafunzi wake siku ya kumuaga. Nikamuuliza kwa nini, akasema, “Huku hakuna kipindi cha kuwahi.” Na usiku mmoja, akidhani nimelala, nilimsikia akimwambia dada yake kwenye simu kwamba amekuwa mzigo.

Mimi nilikuwa tabibu wa kikosi. Najua mambo haya matatu yakikaa pamoja yanaitwaje. Jeshini tulifundishwa kuuliza, kujali na kumsindikiza mtu mpaka kwa wa kumsaidia. Kuuliza waziwazi, bila kuzungukazunguka: unafikiria kujiua? Tulifundishwa kwamba kumuuliza mtu hakumtii wazo kichwani. Tulifundishwa pia kwamba zaidi ya nusu ya watu wanaokufa kwa bunduki nchi hii wanajiua wenyewe. Nimewauliza vijana wa miaka 19 nikiwa nimechuchumaa mbele yao, mmoja nilimshika mkono mpaka asubuhi. Mume wangu sijamuuliza.

Labda naona kisichokuwepo. Labda ni mtu aliyechoka tu na aliyefiwa, na mke wake amemwaibisha mbele za watu. Wanaume wangapi wa huku hawalali? Na kile kibastola labda amekipenda kwa sababu ndicho cha bei ya chini, yeye hapendi kutumia pesa ovyo. Nikimuuliza swali lile na akawa hana wazo kama hilo, si ndiyo nitakuwa Afande kabisa? Nitakuwa nimemkagua mume wangu kama kuruta. Ataniangalia kama alivyoiangalia ile risasi ya plastiki sakafuni.

Sijui ninachotaka, ndiyo maana sijalala. Nataka Jumamosi zetu zirudi, kuku wetu wa kukaanga, karatasi kwenye dashibodi. Nataka awe na kitu chake mwenyewe ambacho si mimi niliyempa. Anafundishika haraka, Jumamosi ya nne tu alikuwa ameanza kutulia, angekuwa mpigaji mzuri. Na sitaki bastola yake iingie humu ndani, si hiyo ndogo wala hiyo Glock niliyomsifia mimi mwenyewe kwa nusu saa. Jana nimempigia binamu yangu kuuliza kama anaweza kuniwekea yangu kwake kwa muda. Akauliza, kuna nini? Nikasema tunapaka rangi chumba.

Shangazi, wengine watasema huyu mama anapenda kutawala, mume si askari wake. Nimeyasikia hata kabla hawajasema. Mimi ndiye niliyemwomba aje. Nililia kwenye simu miaka mingapi nikimwambia mtoto anakua bila baba. Akaiacha shule yake akaja. Sasa nimshikie hata namba ya kabati?

Niambie basi. Nimwache anunue anachotaka, nami ninyamaze kwa heshima yake? Nimpe namba ya sefu ili ajue bado ni mwenye nyumba? Au nimkalishe kabla ya Jumamosi nimuulize lile swali, na nikimuuliza nianze na neno gani, maana kwa Kiingereza cha jeshini ninalijua lote, lakini kwa Kiswahili, kwa mume wangu, jikoni kwangu, sijui linaanzia wapi. Kesho kutwa ndiyo Jumamosi.

Na hilo neno Afande, nimwambie linaniuma, au nilivumilie?

Nasikia gari. Ni yeye, amerudi mapema. Naomba usichapishe mji.

Mke wa Mwalimu,
Texas