YAH: Malalamiko kuhusu taulo kubwa za kuogea zisizolingana na lebo

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,

Nilinunua kwenu taulo mbili kubwa za kuogea, shilingi 45,000 kila moja. Lebo inasema pamba asilimia 100, sentimita 100 kwa 150, gramu 600 kwa mita ya mraba. Sikuchagua saizi hiyo kwa anasa. Mama yangu ana miaka 78, anaoga ameketi kwenye kigoda, na akimaliza anatakiwa afunikwe mara moja kuanzia mabegani hadi magotini, asipigwe na baridi wala asikose sitara mbele ya wajukuu. Taulo ya kawaida ya 70 kwa 140 haimtoshi.

Zenu nazo hazimtoshi. Nilizipima kabla hazijaguswa na maji, kwa hiyo msiniambie zimerudi kwa kufuliwa: ni 90 kwa 140. Mizani ya muuza nafaka jirani yangu ilisoma gramu 540 kwa kila moja, wakati taulo ya vipimo mlivyoandika ingefika gramu 900.

Kinachoniuma zaidi, hazikaushi. Nimezifua mara nne kwa sabuni kidogo, bila dawa ya kulainisha nguo, maana ile huganda kwenye nyuzi na kuzuia maji yasinywewe. Hakuna kitu. Nikimfuta mama mgongoni, maji yanahama tu kutoka bega hili kwenda lile. Nikachomoa uzi mmoja, nikauwasha kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Uzi wenu uliyeyuka, ukajikunja, ukaacha punje nyeusi ngumu isiyopondeka kwa kidole. Humo mna poliesta.

Mhudumu wenu aliniambia kwa simu, "Zifue tena, zitazoea." Ni kweli taulo mpya ya pamba hunyonya vizuri zaidi ikishafuliwa mara mbili tatu. Lakini kufua hakuongezi sentimita kumi.

Naomba mnirudishie shilingi 90,000 na mje kuzichukua kwa gharama yenu. Sitaki nyingine za shehena hiyo. Zilizobaki dukani ziondoleeni lebo hiyo, kuna wengine wanaonunua kwa ajili ya wagonjwa na wazee wao.

Nimeambatanisha risiti, picha ya lebo, na picha ya taulo ikiwa na futi kamba juu yake. Nasubiri jibu ndani ya siku 14. Kwa sasa mama amerudia kanga zake, moja ya kujifutia, moja ya kujifunika.

Wenu,
Mteja, Tanga