Mawimbi ya ziwa si ya bahari

Ndugu Mhariri,

Manahodha wa Kasenyi, mwalo ulio karibu na Entebbe, hupewa ushauri uliotoka pwani ya bahari: hesabu mawimbi, ngoja utulivu, kisha ingia ufuoni. Ziwa Viktoria halina subira hiyo. Mawimbi ya bahari yatokayo mbali hupishana kwa sekunde 10 au zaidi. Ya ziwani huzaliwa na upepo wa hapo hapo, hupishana kwa sekunde chache tu, na mashua haijainuka kutoka bonde la kwanza, wimbi la pili limeshaikumba omo, yaani sehemu yake ya mbele.

Cha kutazama ni pale yanapovunjikia. Wimbi la mita moja huvunjika kwenye maji ya kina cha takriban mita 1.3, yaani kifuani mwa mtu. Mstari mweupe ukiwa mbali na ufuo, hapo pana fungu la mchanga. Nahodha akipunguza moto wa injini juu ya fungu hilo, usukani haushiki. Wimbi huisukuma tezi, yaani sehemu ya nyuma, mashua hugeuka ubavu, magunia huteleza upande mmoja, na maji yanaingia. Afadhali afuate mgongo wa wimbi moja, kwa kasi yake, asilipite, na ainue propela mchanga ukikaribia.

Dhoruba za ziwa hupenda usiku na asubuhi, kwa hiyo kuondoka jioni na mashua iliyojaa hadi ukingoni ni kamari.

Na jaketi okozi zilizofungwa chini ya magunia ya mkaa (tumeziona!) hazimwokoi mtu.

Msomaji, Entebbe