Ile darubini iache hukohuko dukani

Erie, Pennsylvania
20 Septemba

Ndugu yangu Shaibu,

Barua yako imefika na picha zote mbili nimeziona. Nimefurahi kusikia shemeji amepona na watoto wamezoea shule. Mama Neema anawasalimu, anauliza kama huko Lewiston, Maine, baridi imeanza kung'ata. Nimemwambia asubiri Novemba ndipo aulize.

Kwanza hongera. Bunduki ya Savage 110 ya risasi za .30-06, tena kutoka kwa mzee wa kazini aliyeitunza na anaiacha kwa sababu ya magoti tu, hiyo ni bahati. Modeli hiyo imetengenezwa tangu 1958 na inapiga vizuri kuliko sisi tunavyojua kulenga. Bunduki haina neno. Neno liko kwenye picha ya pili: darubini ya bunduki ya 6-24x50, taa nyekundu na kijani, taa ya leza juu yake, dola 65 mpaka mlangoni, na chini umeandika, "Kaka, hii si ndiyo yenyewe?"

Siyo. Naijua kwa sababu niliinunua mimi, au pacha wake.

Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza kuwinda. Hapa Pennsylvania msimu wa raifo hufunguliwa Jumamosi baada ya Thanksgiving, ile sikukuu ya shukrani ya Novemba, na mimi nilikuwa nimekaa chini ya mti wa hemlock huko msitu wa Allegheny tangu kiza, miguu imekufa ganzi. Kama saa moja na nusu asubuhi kulungu dume akatoka kwenye vichaka. (Tumeshazoea kumwita kulungu, ingawa kulungu wa kwetu ni mnyama mwingine kabisa. Huyu ndiye ayala wa kwenye Zaburi.) Alikuwa karibu, yadi 25 hazizidi. Nikainua bunduki taratibu, nikaweka jicho, nikaona manyoya. Kioo kizima manyoya ya kahawia, tena yenye ukungu, kama mtu aliyefunikwa blanketi usoni. Sikujua natazama bega, tumbo au paja. Darubini nilikuwa nimeiacha kwenye 12 kwa sababu nilidhani kubwa ndiyo nzuri. Nikazungusha kuirudisha 6, namba yake ya chini kabisa, na hapo bado nikaona nusu ya mnyama. Nikatafuta kichwa nikapata tawi. Yeye akapata harufu yangu. Mkia mweupe juu, akaenda zake.

Nilipokwenda uwanja wa shabaha wiki hiyo kujua kulikoni, risasi ya kwanza ilikaa katikati, ya nne ilikuwa inchi tano kushoto, na sikuwa nimegusa skrubu hata moja. Teke la bunduki lilishavuruga vitu ndani ya ile bomba. Halafu risasi ya tano darubini ikanipasua nyusi. Ile alama uliyoiona kwenye harusi ya Juma, ukauliza kama ni mlango, ndiyo hiyo. Nilikuongopea.

Sasa nikueleze hizo namba, maana muuzaji hakuelezi. Ukiona 3-9x40, mnyama anasogezwa mara 3 mpaka mara 9, na lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 40. Watu huangalia ile 9, au 24, kama vile wananunua pikipiki. Wewe angalia namba ya kwanza. Kwenye 3, kwa umbali wa yadi 100, unaona eneo la upana wa futi 33 hivi, na kwenye 2 linazidi 40. Kwenye 6 umebaki na futi 17 au chini ya hapo. Ukimleta mnyama karibu, kwa yadi 25, gawa kila kitu kwa nne. Ndiyo maana nilikuwa na dirisha la futi nne kwa mnyama mwenye urefu unaozidi futi tano.

Na misitu yenu ya Maine ni mibaya kuliko yetu kwa hilo. Misonobari imebanana, kulungu anatokea kati ya shina na shina, na wengi wanaopiga huko hupiga chini ya yadi 100. Utafanyia nini 24? Utahesabu kope zake?

Kuna jambo jingine ambalo katika jimbo lenu lina uzito wa pekee. Mwaka 1988 huko Hermon, jirani na Bangor, mama mmoja aliyekuwa nyuma ya nyumba yake, amevaa glavu nyeupe, alipigwa risasi akafa. Mwindaji alidhani ni kulungu. Baada ya hapo Maine iliweka sheria ya mwindaji kumtambua mnyama kabla ya kufyatua: umwone kichwa na kiwiliwili bila kizuizi, siyo rangi, siyo mtikisiko, siyo sauti. Umeshafundishwa kwenye darasa la wawindaji, najua, lakini nakuandikia kwa sababu sheria hiyo na namba ya darubini ni kitu kimoja. Mtu mwenye dirisha la futi nne haoni kichwa na kiwiliwili. Na usije hata siku moja kutumia darubini ya bunduki kutazamia "kile kilichojitikisa ni nini". Mtutu unafuata jicho. Kama ni mtu, umeshamwelekezea bunduki. Nunua kidarubini cha mkononi, hata cha dola 50, kining'inie shingoni ndani ya koti, utazamie hicho.

Basi ununue ipi. Kwa msitu wako mimi ningechukua 2-7x33 kabla ya kitu kingine. Kampuni ya Leupold wanayo kwenye aina yao ya VX-Freedom, na kampuni ya Vortex wana 2-7x32 kwenye aina yao ya Crossfire II. Ukikosa, 3-9x40 za hizohizo, ambazo utazikuta kila duka. Crossfire huuzwa kama dola 150, wakati mwingine chini ya hapo yakikaribia mapunguzo ya Novemba, ila ukingoja hayo msimu utakupita. VX-Freedom inakaribia mara mbili yake. Tofauti nimeiona kwa macho yangu katika zile dakika kumi za mwisho za jioni, pembe za kulungu zikiwa bado pembe kwenye moja na zimeshageuka vijiti kwenye nyingine. Mchana sikuona tofauti ya kulipia dola 150. Lakini wewe unajua kulungu hutembea saa ngapi, na sheria inakuruhusu mpaka nusu saa baada ya jua kuzama.

Hapo kwenye mwanga ndipo wanapowaibia watu kwa lenzi ya 50. Chukua kipenyo cha lenzi, gawa kwa ukuzaji, unapata upana wa duara la mwanga linalofika kwenye jicho. Lenzi ya 40 kwenye 6 inakupa milimita 6.7. Mboni ya kijana gizani hufunguka kama milimita 7, na sisi wa miaka arobaini na kitu tumeshaanza kupungua. Kwa hiyo 40 inakutosha na kubaki, mradi jioni ushushe namba badala ya kuipandisha. Hiyo 50 ukiiweka kwenye 24 unapata milimita 2. Ni kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. Tena lenzi kubwa inataka ringi (vyuma vinavyoishika darubini) ndefu, darubini inakaa juu, shavu linaachana na kitako, unaanza kunyoosha shingo kama twiga. Kitakachokufaa zaidi jioni ni lenzi zilizopakwa dawa ya kuzuia mng'ao, matabaka kadhaa, pande zote. Za bei ya chini kabisa hupakwa upande mmoja tu, mwanga mwingine unapotea njiani.

Halafu nafasi ya jicho, yaani umbali kati ya jicho na kioo cha nyuma. Kwa .30-06 usikubali chini ya inchi tatu na nusu. Nyusi zangu zinakusalimu.

Ukiona bei inakusumbua, kuna njia ambayo wengi wetu wageni tunaidharau kwa sababu tumezoea kwamba kitu kipya ndicho kizima. Pita kwenye maduka ya rehani na kwenye kabati za mitumba za maduka ya bunduki, utafute Leupold kuukuu. Kampuni hiyo, ambayo iko Beaverton huko Oregon, hukarabati darubini zake zilizoharibika hata kama wewe si mnunuzi wa kwanza na huna risiti. Vortex nao hivyohivyo. Ina maana darubini ya miaka ishirini yenye mikwaruzo nje bado ina dhamana kuliko ile ya dola 65. Ila Leupold mtumba inunue dukani, uishike mkononi. Kwenye mtandao ziko za bandia nyingi, na kampuni yenyewe imeshawaonya watu. Hata ile Weaver K4 ya zamani iliyotengenezwa El Paso, mara 4 basi, haina namba ya kuzungusha, ukiipata kioo kisafi chukua. Kulungu wangu wa kwanza nilimpata kwa ya namna hiyo, niliyoazimwa. Watu wanaicheka. Waache wacheke.

Msalaba wa ndani wa kulengea uwe wa kawaida, mistari minene pembeni inayokonda katikati. Leupold waliuleta mwaka 1962 na sijaona uliouzidi msituni. Mataa achana nayo. Betri na baridi ya Novemba havipatani.

Usisahau ringi na besi, yaani vyuma vinavyofungwa kwenye bunduki ili ringi zikae juu yake, na hapa Savage wana mtego. Za zamani mgongo wa nyuma wa chuma, pale juu karibu na bolti (komeo la kusukumia risasi), ni bapa. Za miaka ya karibuni ni mviringo. Besi haziingiliani. Mwambie muuzaji ni ya mwaka gani, au nenda nayo (bila risasi, ndani ya mkoba wake). Wengine wananunua darubini nzuri wanaifunga kwa vyuma vya dola 8, halafu wanailaumu darubini. Skrubu za ringi usizikaze kwa hasira. Kuna bisibisi inayopima nguvu, ninayo, nitaituma na barua hii. Fuata namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya ringi. Ukizidisha unaminya bomba, na vitu vya ndani havitembei tena.

Kuilenga ni rahisi, usimlipe mtu. Toa bolti, laza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, chungulia ndani ya mtutu kutoka nyuma mpaka uone shabaha ya yadi 25 katikati ya tundu. Bila kuitikisa, zungusha virekebisho vya darubini mpaka msalaba nao uketi palepale. Risasi ya kwanza itagonga karatasi, nakuahidi. Kila "tk" moja ni robo inchi kwa yadi 100, kwa hiyo kwa yadi 25 unahitaji kuzungusha mara nne ya hapo, yaani "tk" kumi na sita kwa inchi moja. Watu wengi hupotelea hapo, wanazungusha nne, hawaoni mabadiliko, wanaanza kufyatua ovyo. Ukishaweka sawa kwa 25 sogea 100, piga tatu tatu, acha mtutu upoe. Ikikaa inchi moja juu ya katikati kwa yadi 100, kwa misitu ya huko acha hivyo na usiiguse tena.

Hesabu yangu kwa zile dola 300 ulizosema unazo ni hii: darubini 150, vyuma 40 au 50, kinachobaki chote kiende kwenye risasi. Paketi mbili za kujifunzia na moja ya msituni, aina ileile. Babu yangu kule Sikonge alikuwa na gobore, hakuwa na kioo chochote, na alileta nyama kwa sababu alikuwa anasogea mpaka hatua ishirini na hakufyatua kama hana hakika. Nilikuwa nadhani ni uchawi. Kumbe ni magoti na subira.

Kitu cha mwisho, cha asubuhi. Bunduki isilale ndani penye joto halafu uitoe kwenye barafu. Kioo kitapata ukungu nje hata kama ndani wamejaza naitrojeni. Iache kibarazani palipofungwa, au kwenye gari lililofungwa pale sheria inaporuhusu, na ukiinua usiipulizie pumzi. Na ianzie kwenye 2 au 3 muda wote, uguse namba pale tu ukiwa na nafasi. Ukishasema bismillahi yako, usiwe bado unatafuta mnyama kwenye tundu.

Niandikie ukishaipata, uniambie umelipa ngapi. Yule mzee wa kazini muulize kama besi zilizokuwepo zamani anazo bado, watu wa umri wake hawatupi kitu. Bisibisi nirudishiwe kabla ya Thanksgiving tafadhali, nami naihitaji. Na ini la kwanza ni la shemeji, lakini kipande cha mgongo kikauke kwa chumvi, unitumie.

Wako,
Baba Neema