Kikao cha Alhamisi: kuajiri na kubaki na wahudumu

Habari zenu wapendwa,

Kikao chetu sisi tunaoendesha makao ya wazee na huduma za majumbani hapa Uingereza ni Alhamisi hii, saa 8:00 hadi 9:30 mchana, kwa Zoom. Kiungo nitakiweka hapa asubuhi hiyo.

Tangu 22 Julai 2025 njia ya kuleta wahudumu wapya kutoka ng'ambo kwa viza imefungwa. Wa kuajiri ni wa hapa hapa, na tulio nao tusiwapoteze. Mwezi uliopita niliagana na dada mmoja hodari, yule anayejua nani hunywa chai bila sukari. Aliniambia hajawahi kuulizwa anataka kujifunza nini. Liliniuma sana, ndiyo maana naomba tuanzie hapo.

Njooni na:
1. Tangazo lako la kazi la karibuni, tulisome pamoja.
2. Idadi ya wafanyakazi wako ambao hawajamaliza Care Certificate (mafunzo ya msingi ya wahudumu wapya).

Pia nahitaji mtu wa kuandika kumbukumbu.

Tafadhali andika "Nipo" au "Sitakuwepo" kabla ya Jumatano saa 12 jioni. Mwenye udhuru anitumie tangazo lake faragha.

Ahsanteni sana.