Mama, hela ya chenso sitatuma

Minnesota, Oktoba 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nifikishie shikamoo zangu kwa Baba mdogo na shangazi. Mimi mzima. Baridi imeanza, ila koti zito ninalo na zamu za usiku nimezizoea, usipate wasiwasi.

Najua mnangoja jibu la ombi la kaka, la hela ya chenso, ule msumeno wa mashine. Jibu linakuja, lakini kwanza msiba.

Jumatano ile ya tarehe 1 nilikuwa ndiyo kwanza nimeingia zamu, nimekaa mbele ya hadubini, mwenzangu akanijia na simu mkononi: si wewe unatoka kule Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe? Ndipo nikasoma kwamba Mama Jane, Jane Goodall yule mtafiti wa sokwe, amefariki, huko California, katikati ya safari ya kutoa mihadhara. Miaka 91, Mama, na bado alikuwa safarini. Nilimaliza slaidi iliyokuwa mbele yangu, nikaenda stoo nikalia.

Kesho yake nikampigia kaka ili tuomboleze pamoja. Akanijibu kwamba yule mzungu alipenda sokwe kuliko watu, na kwamba ndiyo maana sisi tumebaki na miti isiyolika. Papo hapo akaomba milioni mbili za chenso, eti wanunuzi wa mkaa wako tayari kwa shamba la juu. Neno hilo limenikwama kooni kama mwiba wa mgebuka. Kwa hiyo barua hii kitinda mimba akusomee kwa sauti, na kaka awepo.

Kaka, umemsahau babu? Mama Jane alishuka ufukweni tarehe 14 Julai 1960, na hakuja peke yake. Alikuja na mama yake mzazi, Vanne, kwa sababu serikali ya kikoloni ilikataa msichana wa miaka 26 akae porini bila mwenzake. Binti akapanda mlimani na darubini yake. Mama mtu akabaki chini na wavuvi, akaweka nguzo nne na paa la nyasi, akawa anagawa aspirini na bandeji. Babu alifika pale na kidonda cha mguu kilichokuwa kimeshindikana. Kila asubuhi alioshwa kwa maji ya chumvi na kufungwa upya, mpaka kikafunga. Alama yake tumeishika sote kwa vidole vyetu, wewe ukiwa wa kwanza maana ulikuwa mkubwa. Aliyepona pale ni babu yako.

Na Mama Jane mwenyewe alikuwa mama. Mwanawe alikulia hapo hapo Gombe, na barazani alijengewa kizimba cha wavu, kwa sababu aliwajua sokwe vizuri: wanawinda, na mtoto mchanga kwao ni nyama. Mtu aliyewapenda kupita watu asingejenga kizimba kile. Aliwapenda akiwa macho.

Hapa kazini sasa kila mtu anajua Kigoma iko wapi. Wakati wa chai niliwaeleza meza nzima jinsi alivyomwona yule sokwe wa ndevu za mvi, David Greybeard, akichomeka kijiti kwenye kichuguu na kukitoa kimejaa mchwa. Hiyo ilikuwa 1960 hiyo hiyo. Kabla ya hapo wasomi walifundisha kwamba mwenye kutengeneza zana ni binadamu tu. Na aliyewapindua hakuwa na shahada hata moja! Alikuwa karani wa Dakta Leakey, mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale, kule Nairobi. Baadaye Chuo Kikuu cha Cambridge wakampokea asomee shahada ya uzamivu moja kwa moja, na maprofesa wakamkaripia kwa kuwapa sokwe majina badala ya namba. Hakuyafuta majina. Flo akabaki Flo na Fifi akabaki Fifi.

Niliwaeleza na mwaka 1975, kwa sababu sehemu hiyo huku hawaijui. Waasi walipovuka ziwa kutoka Zaire wakateka wanafunzi wanne, wageni wakaondolewa Gombe. Walioendelea kupanda milima ile kila alfajiri na kujaza madaftari walikuwa watu wa kwetu, akina Hilali Matama. Mama Jane alisema mara nyingi kwamba kazi isingeendelea bila wao, nami nimeisema hapa nikiwa nimesimama wima.

Mama, sijakwambia vizuri habari ya mwezi wa nane. Ule mtihani wa cheti cha maabara nimefaulu, na nimefaulu mara ya kwanza. Katika zamu yetu, slaidi ikiwa ngumu naitwa mimi. Cheti nimekitia fremu, kiko ukutani juu ya kitanda, na picha yako ya kitaluni iko pembeni yake.

Mwaka juzi nilikwenda kumsikiliza Mama Jane. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa ngazini. Akapanda jukwaani, mdogo, mvi zake amezifunga nyuma, na kabla ya neno lolote akatoa ule mlio wa sokwe, unaoanzia chini, hu, hu, hu, ukapanda mpaka juu. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimerudi kwenye kijito, asubuhi, nina ndoo kichwani, na ng'ambo ya bonde wanaitana. Machozi yalinitoka mpaka mzee mmoja akanipa kitambaa chake.

Sasa shamba la juu.

Wewe, kaka, unakumbuka vile vilima vilipokuwa vipara, mihogo imepandwa mpaka kileleni. Unakumbuka mvua ya usiku ule, udongo uliposhuka ukafukia migomba yote ya shangazi na kijito kikawa tope. Mama Jane aliiona hali hiyo kutoka kwenye ndege: hifadhi ya kijani, na kuizunguka, udongo mtupu. Kama angewapenda sokwe peke yao angeomba askari zaidi. Mwaka 1994 ulipoanza TACARE, mradi wa taasisi yake kwa vijiji vyetu, watu walitumwa vijijini kuuliza wanakijiji wanataka nini. Wazee walitaja chakula, afya na shule, sokwe hawakuwamo, na kazi ikaanzia hapo hapo. Mikopo ya akina mama ikaja, ada za wasichana zikaja. Mama akapata kitalu, na kitalu hicho ndicho kilichotununulia madaftari, wewe na mimi.

Shamba lile halikupandwa mti hata mmoja. Baba aliambiwa aache visiki, avizuie moto na panga, maana mizizi ilikuwa hai bado. Akaacha. Majirani walimwona mvivu. Leo miombo ile imemfunika yeye mwenyewe alipolala, na kijito hakikauki hata Septemba.

Kwa hiyo hela ya chenso sitatuma, wala hela ya kitu chochote kitakachoingia shamba la juu kukata. Nimetuma laki sita kwa simu ya Mama. Laki nne ni ada ya binti wa mama mdogo, anataka mchepuo wa sayansi na asizuiwe. Mbili ni za viriba vya miche na mbegu za michikichi, na kaka, kama unataka kazi, bonde la chini liko wazi, nitakuongezea Desemba ukinitumia picha ya mashimo. Ukinikasirikia, nikasirikie. Mimi ni mdogo wako, lakini shamba ni la Baba.

Mama, kama kuna mtu anakuja huku, nifungie dagaa wakavu na chupa ya mawese, ifunge vizuri isije ikavuja kama ile nyingine. Na asubuhi moja, ukisikia wanaitana upande wa hifadhi, toka nje na simu unirekodie. Hata kama ni dakika moja.

Mwanao