Bwana afya akija kwa mama lishe aulize na chumvi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Kila nikifungua ukurasa wenu wa afya nakuta mtaalamu anatuambia punguzeni chumvi, punguzeni sukari, punguzeni mafuta, kuleni mboga na matunda. Sawa, hakuna anayebisha. Ila ukisoma vizuri unaona ushauri wote anaandikiwa mtu mwenye jiko lake, anayejipikia na kujipimia mwenyewe. Sasa sisi tunaotoka Mbagala alfajiri kugombania daladala, chai tunakunywa kibandani, mchana tunakula kwa mama lishe, jioni ukikwama kwenye foleni unapitia chipsi, chumvi yetu anaitia mtu mwingine, sukari yetu anaitia mtu mwingine, tutapunguza nini?

Chukua sahani ya wali maharage ya kawaida pale Kariakoo. Wali unachotwa na bakuli la plastiki, unashindiliwa, unapinduliwa kwenye sahani unasimama kama kichuguu. Maharage upawa mmoja na huo upawa mchuzi ndo mwingi. Mchicha kijiko kimoja pembeni, na ukifika saa nane umeshaisha, unaongezewa mchuzi kama fidia. Tunda ni kipande cha tikiti ambacho ukikiinua unaona upande wa pili. Siku moja nikamwambia dada anayepakua, dada punguza wali nusu niongezee maharage na mchicha, akaniangalia akauliza, "Kaka unaumwa?" Watu wakacheka. Yaani imefika mahali mtu akiomba mboga anaonekana mgonjwa.

Na hapo ndo penye shida yenyewe. Wali mweupe na ugali wa sembe vimeshakobolewa, ganda na kiini vimebaki mashineni (huko ndo kulikuwa na nyuzinyuzi na vitamini), kwahiyo vikiingia tumboni vinageuka sukari haraka, sukari ya damu inapanda, kongosho linahangaika kutoa insulini ya kuishusha. Ukila kidogo na maharage mengi na mboga mambo yanaenda taratibu, maana nyuzinyuzi zinachelewesha. Alafu mchicha, maharage na ndizi vina madini ya potasiamu ambayo yanasaidia figo kutoa chumvi mwilini na presha inatulia. Sahani yetu imefanya kinyume chake, cha kupandisha mlima, cha kutuliza kijiko.

Chumvi ndo usiseme. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu tano kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu ulichokula toka asubuhi mpaka unalala. Nenda basi kaangalie supu inavopikwa, chumvi inatiwa kwa mkono, alafu vinavunjwavunjwa vile vidonge vya kukolezea ambavyo nusu yake au zaidi ni chumvi hiyohiyo, alafu mteja kabla hata hajaonja keshashika kichupa cha chumvi mezani ananyunyizia. Huyo mwisho ni sisi, siwezi kumsingizia mama lishe.

Chai nayo imewekwa sukari kwenye chupa kabisa, ukiuliza isiyo na sukari unaambiwa hakuna, subiri nichemshe maji, na wewe una dakika tano kazini waanze kukutafuta. Shirika hilohilo la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa iwe chini ya vijiko kama 12 vya chai kwa siku na ukishuka mpaka sita ni bora zaidi. Chupa moja ya kola ya mililita 350 peke yake inakaribia vijiko tisa. Ukijumlisha chai ya asubuhi, maandazi mawili na soda ya mchana umeshavuka na jioni haijafika.

Kuna watu bado wanaita haya magonjwa ya matajiri. Mwaka 1989 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa Donald McLarty na wenzake uliofanyika kwenye vijiji sita vya Tanzania, wakakuta wenye kisukari hawafiki hata mmoja kati ya watu 100. Mwaka 2012 ukafanyika upimaji wa kitaifa wa watu wazima, kisukari kikawa kama tisa kati ya 100 na presha karibu robo ya waliopimwa. Najua umri na namna ya kupima haikuwa sawa, na ule wa 1989 ulikuwa wa vijijini tu, kwahiyo sio wa kulinganisha moja kwa moja, ila hata ukikata na kupunguza bado tofauti ni kubwa mno. Na robo ya watu wazima wa nchi hii sio matajiri jamani. Ni makonda, mafundi, walimu, na hao hao mama lishe wenyewe. Presha isiyotibiwa ndo inaleta kiharusi, na ikishirikiana na kisukari inaua figo, mtu anaanza kwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, hapo ng'ombe wanauzwa, kiwanja kinauzwa.

Nachotaka kusema ni kwamba wenzetu waliofanikiwa hawakumwachia mlaji peke yake. Finland miaka ya 1970 kwenye jimbo la Karelia Kaskazini wanaume walikuwa wanakufa kwa moyo wakiwa bado na nguvu za kazi, siagi kila mlo na chumvi nyingi. Mwaka 1972 wakaanza mradi ulioongozwa na daktari Pekka Puska, na hawakuishia kugawa vipeperushi, walienda kwa vikundi vya akina mama wakapika nao, wakaenda kwa watengeneza soseji na maziwa wakaongea nao wapunguze mafuta na chumvi. Baada ya miongo kadhaa vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kazi vilishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Sio chakula peke yake, sigara nazo zilipungua na matibabu yaliboreka, lakini chakula kilikuwa na sehemu kubwa. Afrika Kusini nao toka 2016 mkate una kikomo cha chumvi kisheria, mlaji hata hajui kama kapunguziwa.

Sisi huyo mtu wa kwenda kwa mpishi tunaye tayari, ni bwana afya. Kila tukisikia kipindupindu anapita, anaangalia maji yanatoka wapi, chakula kimefunikwa, choo kiko wapi, mama lishe kapimwa afya au bado, na kibanda kikiwa kichafu kinafungwa siku hiyohiyo. Kazi nzuri sana. Sasa akiwa hapohapo mbona asiulize na chumvi unaweka kiasi gani, na kwanini sukari isikae pembeni kila mtu atie yake? Sisemi awapige faini, faini itaishia kwenye bei ya sahani yetu. Nasema awafundishe, na halmashauri zinazokusanya ushuru kwenye hivyo vibanda kila siku ziwalipe maafisa lishe nauli ya kufika huko badala ya kubaki kwenye semina.

Najua atakayesema mama lishe anafanya biashara na mteja anataka kushiba kwa buku mbili. Ni kweli. Mchicha bei yake sio kubwa ila una kazi, kuchambua, kuosha mchanga, na ukilala unatupwa, wali ukilala unapashwa. Kwahiyo na sisi wateja tuache kununa tukiona wali umepungua na maharage yameongezeka, maana mama wa watu akipoteza wateja watano kwa siku moja kesho anarudi kwenye mlima wake wa wali.

Na nyie gazeti, huyo mtaalamu wenu mtoeni ofisini siku moja mumpeleke kibandani saa tano asubuhi wakati vyungu viko jikoni, aandike makala ya mpishi wa watu 80, kwa upawa na ndoo, sio kwa gramu.

Mlaji wa kibandani,
Mbagala, Dar es Salaam