Shosti, simu uwashe kwanza

Shosti wangu,

Nimepiga simu yako mpaka nimechoka, haipatikani, ndo maana nakuandikia huku kwenye imeli najua utaifungua tu. Dada yako kanisimulia yote. Ulikua unaingia barabara kubwa, hukuiona ile pikipiki, ukaigonga ubavuni, kijana wa watu kavunjika mguu, na sa hivi umejifungia ndani simu umezima sababu ndugu zake wanapiga kila saa. Pole. Pole sana kwa kweli, wala sijakaa hapa kukusema, wa kukusema watatosha bila mimi.

Ila simu washa. Kiukweli lile jambo gumu kuliko yote ulishalifanya, ulisimama. Watu wengi wakishagonga, mguu unakanyaga mafuta kabla akili haijafika, wewe ulisimama ukawasha taa za hazadi ukaita msaada ukabaki mpaka polisi wakaja. Hata ule mkataba wa kimataifa wa Vienna wa 1968 wa mambo ya barabara ndo unachotaka, dereva asimame, asiache hatari nyingine barabarani, ajitambulishe akiulizwa, na kama mtu kaumia polisi waitwe. Na dada yako anasema watu walitaka kumvua helmeti na kumnywesha maji ukakataa, wakakuona una roho mbaya. Achana nao. Shingo ikiwa imeumia kumvua helmeti hovyo kunaweza kummaliza, na mtu ambaye labda anaenda kupasuliwa hapewi kitu mdomoni. Sasa mtu aliyefanya vyote hivyo anazima simu, ndugu wa mgonjwa watafikiria nini? Watafikiria umekimbia, ila umekimbia taratibu. Na mi nimeshaona kwenye hizi kazi zangu za madai ya bima, hasira nyingi zinazofika mahakamani hazianzi siku ya ajali, zinaanza pale mtu asipopokea simu.

Najua unachoogopa, unaogopa ukipokea utasema kitu kije kikufunge. Haya sikiliza. Kumpa mtu pole na kuuliza mgonjwa kaamkaje ni kitu kimoja, kusema "kosa langu lote nitalipa kila kitu" ni kitu kingine kabisa. Ya kwanza sema hata mara kumi. Ya pili usiseme, usiandike kwenye meseji, usitie saini kwenye karatasi yoyote, sio kwa sababu unataka kumdhulumu kijana, ni kwa sababu mikataba mingi ya bima inakukataza kukubali deni au kuahidi malipo bila wao kujua, na ukishaahidi wanaweza kukuruka halafu kijana anabaki anakudai wewe ambaye huna. Kwa hiyo kumlinda yeye na kujilinda wewe hapo ni kitu kimoja. Waambie tu gari lina bima, jina la kampuni na namba ya bima ni hizi, naripoti, nitawajulisha. Hospitali nenda ukamwone, lakini usiende peke yako na usiende siku ambayo wamekasirika, uliza kwanza kama wanataka uje.

Bima uwaambie leo. Sio wiki ijayo ukishatulia. Mkataba unakupa muda wa kuripoti na kwa wengine ni mfupi sana, wakipata sababu ya kusema umechelewa wataitumia. Kama uliyokata ni ile ndogo ya mtu wa tatu basi ujue inamhusu kijana na pikipiki yake, bampa lako na taa utajijua mwenyewe. Na hata kama ni ile kubwa inayolipa na gari lako usipeleke gari gereji kwanza, mkaguzi wao aje alione lilivyo. Kuna fundi atakwambia nalinyoosha jioni unalichukua, mwambie asubiri.

Ile fomu ya madai sasa, na maelezo ya polisi. Hapa ndo watu wanaharibu. Andika ulichokiona wewe, basi. Kama hujui pikipiki ilikua spidi gani andika hujui, usikisie, sababu polisi wamepima alama za matairi na mahali magari yalipoishia, namba yako ya kukisia ikipishana na vipimo vyao unaonekana muongo hata kwenye yale ya kweli. Kaa chini leo kichwa kikiwa bado na kumbukumbu uandike kila kitu kwa ajili yako mwenyewe, saa ngapi, mvua au jua, taa yake ilikua inawaka au la, nani alikua pembeni akaona, namba za simu za hao mashahidi kama dada yako alizichukua. Picha ulizopiga usifute hata zile mbaya. Na usiposti chochote, hata ule msemo wa kumshukuru Mungu umetoka salama, hebu fikiria mama yake yule kijana anausoma.

Halafu nimesikia kuna shemeji anashauri mseme aliyekua anaendesha ni kaka yako kwa vile leseni yake ni ya zamani. Jamani! Hapana. Sa hivi una ajali, ukifanya hivyo utakua na ajali na kosa la kudanganya polisi, bima watakataa kulipa, na kaka yako umemwingiza. Huyo shemeji akae mbali na hili jambo.

Wakikwambia tumalizane pembeni, leta hela kidogo yaishe, usiharakishe. Mfupa wa muundi unaweza kuchukua miezi 4 mpaka 6 kuunga na hapo ni kama hakuna operesheni ya pili, kwa hiyo hela mtakayokubaliana leo hakuna anayejua kama itatosha, wala wao hawajui. Na sehemu nyingi mtu akishaumia kesi haifi kwa nyie kuelewana tu. Ukiitwa tena polisi, au ukisikia neno mashtaka, mtafute wakili kabla hujaongeza hata sentensi moja.

Na wewe mwenyewe je, ulipimwa? Dada yako anasema ulikataa ukasema mzima. Mwili ukiwa na mshtuko hausikii maumivu vizuri, shingo inaweza kuanza kukaza kesho yake au keshokutwa. Kichwa kikiuma kinazidi, ukitapika, ukisinzia ovyo, hospitali moja kwa moja hata kama ni usiku. Kutetemeka na kuota ile ajali siku hizi za mwanzo ni kawaida, gari usiliguse kama hujisikii. Ila ikipita mwezi bado hulali basi tutatafuta mshauri, sio aibu.

Mimi nitakuja jumamosi tukae na hizo fomu wote. Kwa leo nitumie picha ya cheti cha bima, mbele na nyuma, na zile kurasa za masharti kama unazo, nataka nione tarehe ya kuisha kabla hujaongea nao maana unavyosahau vitu wewe nakujua.

Wako,
Shosti